Mkono wa Kushoto wa Mtani Wangu

Jumanne asubuhi nilikuwa Kibaha, mtaa wa Kwa Mathias, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nachagua bawaba za geti, simu ikaingia kutoka Chole, Kisarawe. Alikuwa dada mkubwa wa yule fundi wa maandishi ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka, maana niliwahi kumwandika hapa hapa kwenye safu hii ya gazeti. Dada hakuzunguka. Aliniambia mtani wangu ameondoka alfajiri, kwamba watamzika baada ya swala ya alasiri, na kwamba nisikimbize gari kwa kuwa barabara imeharibika na mvua. Nikamwambia nimesikia, nikakata simu, nikaendelea kuchagua bawaba. Muuza duka akaniuliza nataka za inchi ngapi, nikamjibu kuwa kuna mtu amekufa. Akanipa pole, akazirudisha bawaba kwenye boksi lake, akanisogezea kiti, nami nikakaa pale dukani kwa muda nisioujua, nikiutazama ukuta wa duka la jirani ambao maandishi yake yote, kuanzia bei ya saruji mpaka onyo la kutokukopesha, aliyaandika marehemu kwa mkono wake wa kulia.

Kwa wale ambao hawakuwahi kumsoma humu, huyu alikuwa mtu wa brashi na rangi. Ukipita Kibaha kando ya barabara ya Morogoro, nusu ya majina ya maduka ya zamani ni kazi yake, na ukiingia ndani kule Mbwawa, ambako kiwanja kimoja huweza kuuzwa kwa watu watatu kabla mwenyewe hajajua, utakuta maneno yake kwenye kuta za matofali mabichi: kiwanja hiki hakiuzwi, nyumba hii haiuzwi, shamba hili lina mwenyewe. Herufi zake zilikuwa zimesimama wima na zenye adabu, na aliziandika bila kupiga mistari kwanza kwa chaki. Lakini kilichonivutia mimi mpaka nikamwandika hakikuwa herufi, kilikuwa kopo. Mafundi wenzake wote hushika kopo la rangi kwa mkono wa kushoto na brashi kwa mkono wa kulia. Yeye kopo alilifunga kiunoni kwa kipande cha khanga, likining'inia pajani, na mkono wa kushoto akauacha ukilala tu pembeni. Nikaandika safu nzima juu ya kopo lile. Nilisema ule ndio utulivu wa fundi wa kweli, mtu asiyeng'ang'ania zana zake, na maneno mengine ya namna hiyo ambayo leo siwezi kuyasoma. Wasomaji wengi mliniandikia kunipongeza, na yeye mwenyewe aliikata ile karatasi ya gazeti akaibandika kwenye kibanda chake.

Sasa niseme jambo la utani, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kosa langu. Mimi ni Mnyamwezi, yeye alikuwa Mzaramo, na watu wa makabila haya mawili hawahitaji kutambulishwa ili waanze kusumbuana. Siku ya kwanza nilipomwita aandike namba ya nyumba yangu, alimuuliza mke wangu kama haoni ni afadhali achore picha ya ng'ombe, kwa kuwa mwenye nyumba ametoka bara na kusoma itakuwa tabu. Nami nikamjibu kwamba nitamlipa ngoma ikiisha, maana Mzaramo ukimpa hela kabla ya ngoma hutaiona kazi wala hela. Tukaendelea hivyo miaka kumi na moja. Kwa watani kila neno lina ruhusa, na kwa kuwa kila neno lina ruhusa, hakuna neno linalosikilizwa sana. Hili nimekuja kulielewa mwaka huu.

Siku moja alikuwa akinipokea ngazi, mkono wake wa kushoto ukagusa wangu. Ulikuwa wa baridi, na jua lilikuwa la saa saba mchana. Nikamwambia huu mkono umeshakufa, mwenyewe anasubiri nini. Akacheka, akasema, "Huu ulizaliwa umechoka, mtani. Mama alikuwa anasema kila mtoto anazaliwa na mikono miwili, mimi nilizaliwa na mmoja na wa kuazima." Akaendelea kunieleza, huku bado anacheka, kwamba akiuinua mkono ule kwa muda mfupi tu unamuuma mpaka begani na vidole vinakufa ganzi, ndiyo maana kopo alilifunga kiunoni tangu alipoanza kazi. Alinieleza sababu yenyewe, wazi kabisa, tena kabla sijaandika ile safu. Nami nikaichukulia kuwa ni utani mzuri, nikamjibu kwamba Mzaramo hata mkono wake mmoja hupenda kulala mchana, na nilipokaa kuandika nikaiacha sababu yake nikaweka yangu.

Mkono huo ndio alioutoa zahanati kila alipoenda kupimwa presha. Wa kulia ulikuwa na rangi siku zote, na yeye alikuwa mtu wa heshima, hakutaka kuuchafua mkanda wa kupimia wa muuguzi. Basi anakunja shati mkono wa kushoto, muuguzi anafunga mkanda hapo hapo palipokunjwa, kwa kuwa foleni ni ndefu na mkono ni mkono, na kipimo kinasoma chini. Kila mwaka kinasoma chini. Akaambiwa ana presha ya kushuka, na sote tunajua presha ya kushuka huku kwetu inatibiwa na nini. Alitembea na chumvi kwenye kikaratasi, mfukoni mwa shati. Akihisi kizunguzungu juu ya ngazi, alishuka, akalamba chumvi, akapanda. Muhogo wa kuchoma aliula ukiwa mweupe kwa chumvi. Tena alijisifu nayo hiyo presha. Watu wa rika letu wanadondoka kwa presha ya kupanda, alisema, yeye ya kwake ni ya kistaarabu, iko chini imetulia. Mimi nikaona nimfanyie jambo la kirafiki, nikamnunulia mashine ya kupimia, zile ndogo za kubonyeza, awe anajipima mwenyewe kibandani. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelekezo yenye picha ya mtu ameketi, amefunga mkanda mkono wa kushoto. Tukafuata picha.

Mwaka jana, kabla ya mvua za vuli, nilimwita Mbwawa aniandikie ukuta wa kiwanja changu, kwa sababu madalali walikuwa wameanza kuwaleta watu kukiangalia. Alianza asubuhi, mimi nimekaa kwenye ndoo nikimtania kwamba anaandika polepole ili nimlipe kwa siku. Akamaliza neno la kwanza, akamaliza la pili: KIWANJA HIKI. Kisha brashi ikamtoka mkononi. Haikuteleza, niliiona, vidole vilifunguka tu. Aliitazama pale chini, akajaribu kuniambia kitu, na kilichotoka hakikuwa maneno, kilikuwa sauti za maneno bila maneno yenyewe. Nikamkalisha kwenye ndoo. Mashine ilikuwa kwenye mkoba wake, nikamfunga mkanda mkono wa kushoto, kwa sababu ndio wa kwenye picha na ndio wa siku zote, nikabonyeza. Tisini, na hapo chini hamsini na kitu. Nikamwambia presha imeshuka hiyo. Nikachukua kikaratasi mfukoni mwake, nikamimina chumvi yote kwenye chupa ya maji, nikatikisa, nikamshikia akanywa. Niliifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, nikimfuta mdomo, nikijiona mtu wa maana.

Haikufika nusu saa, maneno yakarudi. La kwanza kusema lilikuwa, "Mnyamwezi, umeniroga." Tukacheka mpaka machozi yakatutoka, na nadhani yangu mimi yalikuwa ya hofu iliyoondoka. Vidole vikarudi pia, akaiokota brashi akaifuta mchanga. Alitaka kumalizia, nami nikakataa. Nilimwambia aende akapumzike, ukuta hauendi popote. Wakati ule nilidhani hiyo ndiyo busara yangu ya siku hiyo. Baadaye niliambiwa kwamba ile nusu saa ilikuwa onyo, kwamba wengi hawapewi hata hilo, na kwamba siku ile ile alipaswa kufikishwa hospitali akiwa bado anaweza kutembea kwa miguu yake.

Siku ya kumi na mbili alianguka kibandani kwake Kwa Mathias. Upande wa kulia wote ulikuwa umelegea, mguu, mkono, mdomo, na safari hii maneno hayakurudi. Alipelekwa hospitali, kisha akahamishiwa Dar. Nilikuwa kando ya kitanda daktari kijana alipokuja kumpima, binti mwembamba mwenye miwani, asiye na haraka. Akafunga mkanda mkono wa kulia, akaandika. Akafunga wa kushoto, akaandika. Akarudi wa kulia, akarudi wa kushoto. Kisha akaweka vidole vyake kwenye kifundo cha mkono wa kushoto akakaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayesikiliza chumba cha jirani. Mkono wa kulia ulisoma mia na tisini. Wa kushoto ulisoma mia kasoro. Mtu mmoja, saa moja, kitanda kimoja.

"Baba, huyu nyumbani alikuwa anapimwa mkono gani?" aliniuliza.

Nilimwambia wa kushoto. Nikamwambia na chumvi. Hakunilaumu, na ningefarijika kidogo kama angenilaumu. Alisubiri mpaka zile picha za mishipa zilipotoka, ambazo mgonjwa huchomwa dawa kwanza ili njia za damu zionekane, akaniita mimi na dada yake aliyekuja kutoka Chole, akatuonyesha kwenye kompyuta. Alisema mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani upande wa kushoto na ule unaopeleka mkono wa kushoto kwa watu wengi huchomoza kila mmoja kwake. Kwa huyu ilichomoza pamoja, kwenye shina moja, na shina lenyewe halikuumbika vizuri tumboni mwa mama, lilikuwa jembamba mno mahali pa kuanzia. Kwa hiyo mkono na upande ule wa ubongo vilikuwa vikigawana tone moja maisha yake yote. Mkanda wa kushoto haukuwahi kupima presha yake, ulipima ule wembamba. Presha yenyewe ilikuwa juu kwa miaka, huku tukiilisha chumvi, na mwishowe damu ikaganda pale pembamba, ikaziba. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia, alisema, na kwa wengi ndio wenye maneno.

Dada akauliza kama shina hilo linaweza kutanuliwa. Daktari akasema kabla ya kiharusi labda wangejaribu, au wangempa dawa za kushusha presha na za kuzuia damu kuganda na kumwangalia kwa karibu. Sasa sehemu ya ubongo ilikuwa imeshakufa, na kilichokufa pale hakirudi. Nikamuuliza, kama ningemfunga mkanda mkono wa kulia siku ile ukutani, ingekuwaje. "Labda, baba," alisema. "Sitakudanganya kwa kusema ndiyo, na sitakudanganya kwa kusema hapana." Nimeishi na hiyo labda tangu siku hiyo, na sioni itaondokea wapi.

Nimejaribu kuikasirikia nchi, maana waandishi wa safu tuna ruhusa hiyo. Nimejiuliza kwa nini mtu mzima aende kupimwa miaka yote hiyo asipimwe mkono wa pili hata mara moja. Lakini nikikumbuka ile foleni ya zahanati, kina mama wenye watoto wamekaa mpaka kwenye ngazi, na muuguzi mmoja ambaye hajala tangu asubuhi, hasira yangu inakosa pa kukaa. Ugonjwa wa namna hii ni wa nadra, daktari alisema huenda asiuone mwingine mpaka astaafu. Nani anajipanga kwa ajili ya jambo la nadra, wakati ya kila siku yanatushinda? Hata kazi ya marehemu ilikuwa inakufa kabla yake. Siku hizi mtu akifungua duka anaenda kuchapisha bango la plastiki, linatoka na picha ya rangi kwa muda wa kunywa soda, na jua likilibabua anachapisha jingine. Mafundi wa brashi waliobaki Kibaha nawajua kwa sura. Marehemu alikuwa akisema wao watakuwa wa mwisho kuandika ukutani, na hilo nalo tulilicheka.

Walimrudisha Chole, kwa dada yake, na huko aliishi miezi saba. Nilienda mara nne, ambazo ni chache. Mara ya kwanza nilipoingia, alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine, na wa kushoto ameuficha ndani ya shuka. Nikamsogezea mkono wangu. Alisita. Ninyi mnajua kwetu kumpa mtu mkono wa kushoto ni kumtusi, na huyu hakuwahi kumtusi mtu kwa dhati hata siku moja. Hatimaye akautoa, polepole, machozi yanamtiririka upande mmoja wa uso, akanipa. Ulikuwa wa baridi vile vile. Ule mkono wa kuazima ndio aliobakiwa nao.

Dada alikuwa amemnunulia ubao na chaki, akaniambia labda kwangu ataandika. Nikamwekea chaki kwenye vidole vya kushoto, nikamwandikia herufi ya kwanza ya jina lake juu ya ubao ili aifuatishe. Aliitazama. Aligeuza kichwa upande huu na upande ule, na nikaona wazi kwamba mtu aliyejaza herufi barabara nzima hakuijua ile herufi. Chaki akaishika mpaka mkono ukachoka, na ulichoka upesi, kisha akaiweka kitandani kwa adabu. Halafu akaniangalia. Aliniangalia kwa namna ya kungoja, unyusi mmoja umepanda, na ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anangoja utani. Alitaka nimwambie Mzaramo hata chaki imemshinda, au lolote lile. Nilimwambia pole, akafumba macho. Dada yake alinisindikiza mpaka kwenye gari, na alipofunga mlango akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watu wote wanampa pole, alikuwa ananisubiri mimi.

Nimelifikiria hilo kuliko hata ile chumvi. Chumvi niliitoa kwa kutojua. Utani niliunyima nikijua, kwa sababu niliogopa, na mtani akiacha kukutania ni sawa na kukwambia amekwisha kukuzika. Mara tatu zilizofuata nilijaribu kuurudisha, lakini hakuniinulia tena ule unyusi.

Mazishi yalikuwa ya watu wengi na ya kimya. Jeneza lilipotolewa ndani, kina mama waligeuka wakanitazama. Ni desturi: mtani huweka kizuizi, hulala njiani, hudai kwamba anamdai marehemu jogoo au ngoma, watu hucheka kwenye kilio chao, na jeneza hupita likiwa jepesi kidogo. Mama mmoja mtu mzima akasema kwa sauti, "Mnyamwezi, leo huna neno?" Nilisogea mpaka katikati ya njia. Nilisimama mbele ya wabebaji, wakasimama nao wakinisubiri, wengine wameshaanza kutabasamu. Nikafungua mdomo kumwambia kwamba Mzaramo umekimbia kazi yangu umeacha maneno mawili ukutani, umalizie kwanza ndipo ulale. Sikufika mwisho wa sentensi. Nikapisha njia. Hakuna aliyecheka, na jeneza likapita na uzito wake wote.

Ukuta wangu wa Mbwawa bado una maneno yale mawili. Madalali wanapita, wanasoma KIWANJA HIKI, wanapiga simu kuniuliza kinauzwa kiasi gani. Kijana mmoja mwenye mashine ya kuchapisha amenishauri nibandike bango, nimemwambia nitamtafuta, na sitamtafuta. Dada wa marehemu alinirudishia kile kipimo cha presha, kikiwa ndani ya boksi lake pamoja na ile karatasi yenye picha. Sasa kila asubuhi najipima mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Vipimo vinalingana siku zote, na sijui hata nafanya hivyo kwa ajili ya nani.

Basi msomaji, ukienda kupimwa, toa mikono yote miwili, hata kama mmoja una rangi, na vipimo vikitofautiana sana usiondoke pale mpaka wakueleze kwa nini. Hilo ni la mwili, na ni rahisi. La pili ni gumu zaidi na sina hakika nimejifunza mapema ya kutosha kumfaa mtu yeyote. Rafiki yako akikwambia mkono wake ulizaliwa umechoka, cheka naye ukipenda, kisha nyamaza kidogo umuulize umechoka vipi. Mimi niliishia kwenye kucheka.